Banff kwa anayekwenda mara ya kwanza: pasi, mabasi, dubu na baridi

Kila ifikapo Aprili maswali ni yale yale, na majibu yangu ni yale yale: sauti ndefu za WhatsApp ambazo hakuna anayezisikiliza hadi mwisho. Banff ni mji au ni mbuga? Gari linafika kwenye lile ziwa la bluu? Dubu wapo kweli? Nibebe koti gani? Nimeyapanga hapa kwa utaratibu wa safari yenyewe, ukishasoma uanze kazi.

La kwanza tulimalize sasa hivi. Banff ni mji kamili, wenye shule, hospitali, maduka na wakazi wapatao 8,300 kwa sensa ya 2021, na mji huo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Banff, jimbo la Alberta, magharibi mwa Kanada. Hifadhi ilianzishwa 1885 na ndiyo kongwe kuliko zote nchini humo. Ukiwa hotelini uko hifadhini. Ukiwa unanunua maziwa dukani uko hifadhini. Sheria za wanyama zinakuhusu hata ukiwa kwenye maegesho ya magari.

Tofauti kubwa na hifadhi zetu ni hii: Serengeti hushuki garini ovyo, na mara nyingi kuna dereva au askari anayekuangalia. Banff unashuka, unatembea kwa miguu msituni, na hakuna askari mwenye bunduki mbele yako. Usalama wako umeachiwa wewe. Ndiyo maana hatua ya 7 hapa chini ni ndefu kuliko nyingine.

Na kabla hujaanza kuhofia hewa nyembamba ya milimani: mji uko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nairobi iko juu zaidi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Viza ya Kanada. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wote wanaihitaji. Ada ni dola 100 za Kanada, na 85 za alama za vidole na picha. Anza miezi kadhaa kabla, na usinunue tiketi ya ndege isiyorudishwa pesa kabla viza haijatoka.
- Viza ya kupita, ikiwa utabadilisha ndege Ulaya. Masharti hutegemea pasipoti na uwanja, kwa hiyo uliza shirika la ndege kwa maandishi.
- Kadi ya mkopo yenye jina lako. Hoteli na kampuni za kukodisha magari huzuia kiasi cha pesa kwenye kadi kama dhamana. M-Pesa haitakusaidia, na kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa kwenye gari.
- Bima ya safari inayolipia matibabu. Mgeni analipa hospitali kutoka mfukoni, na bili za Kanada si mchezo.
- Leseni ya udereva, kama utaendesha. Iliyoandikwa kwa Kiingereza inatosha kwa mgeni. Ya lugha nyingine itafutie kibali cha kimataifa kabla hujaondoka nyumbani.
- Ramani uliyoipakua kwenye simu. Ukitoka mjini kidogo mtandao unakufa.

Saa zote nitakazotaja ni za Kiswahili. Saa 2 asubuhi ni ile ambayo simu yako itaandika 8:00.

Hatua ya 1: Chagua majira, kisha ujue unachopoteza

Picha ulizoziona za maji ya bluu yanayong'aa zilipigwa kati ya mwisho wa Juni na Septemba. Rangi ile hutokana na vumbi laini la mawe linalosagwa na barafu ya milimani na kuletwa ziwani na maji yanayoyeyuka. Barafu isipoyeyuka, hakuna rangi. Ziwa Louise huganda kuanzia Novemba hivi na mara nyingi halifunguki hadi mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni. Kila mwaka kuna mtu anayefika Mei na kukuta uwanja mweupe, halafu ananitumia picha kana kwamba nimemficha.

Julai na Agosti kuna joto zuri na watu wengi kupita kiasi. Septemba ndiyo chaguo langu: baridi ya asubuhi inavumilika, na mwishoni mwa mwezi miti ya larch, jamii ya msonobari inayopukutisha majani, hugeuka manjano. Ubaya wake ni kwamba theluji inaweza kudondoka siku yoyote. Theluji ya Agosti pia si miujiza huko.

Desemba hadi Machi ni msimu wa kuteleza kwenye theluji. Hesabu nyuzi 20 chini ya sifuri, siku nyingine zaidi. Desemba jua huchomoza karibu saa 2 na nusu asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni, basi usipange mambo manne kwa siku. Juni ni kinyume chake: jua huzama karibu saa 4 usiku. Anayeswali ajipange mapema, kwa kuwa magharibi inaingia wakati watoto walipaswa kuwa wamelala zamani.

Hatua ya 2: Amua utalala wapi

Kuna njia tatu. Kulala Banff mjini ni ghali, hasa Julai na Agosti, lakini unatembea kwa miguu kwenda kila mahali na mabasi yote yanaanzia hapo. Canmore, mji ulio nje ya lango la hifadhi kama kilomita 25 mashariki, kwa kawaida una nafuu kidogo, na basi namba 3 la Roam, kampuni ya mabasi ya umma ya eneo hilo, linaunganisha miji hiyo miwili. Kulala Calgary, jiji kubwa lenye uwanja wa ndege, na kwenda Banff kila asubuhi ni rahisi kwa bei na ghali kwa uchovu. Kunafaa kwa aliyepata pa kulala kwa ndugu na anataka siku moja tu mlimani.

Kama ni wageni wa siku mbili au tatu, lipeni mlale Banff au Canmore hata kwa usiku mmoja. Asubuhi ya mapema ndiyo wakati wa kuona mahali pale.

Bei unayoiona mtandaoni si ya mwisho. Kodi ya 5% huongezwa kwenye karibu kila kitu, na hoteli huongeza tozo zake za utalii. Mgahawani bakshishi ya 15% hadi 20% ndiyo kawaida. Ukihitaji nyama ya halali, nunua Calgary uje nayo, na uchague chumba chenye jiko.

Wengine huniuliza kama wanaweza kununua nyumba Banff wapangishe watalii. Hapana. Ardhi ya hifadhi ni ya serikali na hukodishwa tu, na kuishi pale kunahitaji sababu inayotambulika kisheria, kwa kawaida kazi au biashara ya hapo hapo. Wakazi wengi ni vijana wanaofanya kazi hotelini na kulala kwenye nyumba za wafanyakazi.

Hatua ya 3: Nunua pasi ya hifadhi

Pasi ni ya mtu, wala si ya gari peke yake, na kila anayesimama hifadhini anapaswa kuwa nayo. Ya siku moja kwa mtu mzima imekuwa kama dola 11 za Kanada katika miaka ya karibuni. Familia au kundi la hadi watu 7 katika gari moja hulipa karibu mara mbili ya hapo. Wenye miaka 17 kushuka hawalipi. Miaka mingine serikali hutoa msamaha wa kiingilio kwa kipindi fulani cha kiangazi, basi angalia tovuti ya Parks Canada, idara inayosimamia hifadhi za taifa, kabla hujalipa.

Pasi ya siku hutumika hadi saa 10 jioni ya siku inayofuata. Ukifika mchana wa leo ukaondoka kesho mchana, pasi moja inatosha. Ukikaa siku saba au zaidi, chukua ya mwaka mzima. Inafungua na hifadhi nyingine nyingi za taifa.

Unaweza kuinunua langoni ukiwa garini, mtandaoni, au kwenye kituo cha wageni kilichopo Banff Avenue. Ukija na gari, itundike kwenye kioo cha mbele. Anayepita barabara kuu bila kusimama popote hadaiwi pasi, lakini "nitasimama dakika tano tu nipige picha" ni kusimama.

Hatua ya 4: Fika mjini

Kutoka Calgary ni kama kilomita 130 kwa barabara kuu namba 1, saa moja na nusu hivi. Kuna mabasi ya kampuni binafsi yanayotoka moja kwa moja uwanja wa ndege mwaka mzima, na majira ya joto kuna On-It, basi la bei nafuu linalotoka mjini Calgary.

Je, ukodi gari? Ushauri wangu: kama ni watu wawili, kiangazi, na mnalala Banff, msikodi. Mtatumia muda mwingi kutafuta mahali pa kuegesha kuliko kutazama milima. Kama ni familia yenye wazee na watoto, au mnataka kwenda Jasper, mji ulio katika hifadhi jirani upande wa kaskazini, kodini.

Angalizo kwa madereva wetu: Kanada gari linakaa kulia na usukani uko kushoto. Barabara kuu haina shida. Shida ni kwenye makutano tupu asubuhi, ambapo hakuna gari la kufuata na mkono unarudi kwenye mazoea. Abiria wa mbele awe na kazi moja tu, kusema "kulia" kila mnapokata kona. Ndani ya hifadhi barabara kuu ina kikomo cha kilomita 90 kwa saa, na mjini ni 30.

Njiani utapita chini ya madaraja mapana yenye miti juu yake. Ni ya wanyama. Yapo 6 juu ya barabara na mapito 38 chini yake, na uzio pembeni huwaelekeza huko ili wasigongwe.

Mjini, nenda moja kwa moja kwenye maegesho ya stesheni ya treni. Ni bure kwa muda usiozidi saa 9, na katikati ya mji ni mwendo mfupi kwa miguu. Maegesho ya katikati ni ya kulipia na hujaa. Kupotea si rahisi: mitaa imepewa majina ya wanyama, Bear, Wolf, Caribou, Moose, Otter, hata Squirrel.

Hatua ya 5: Weka nafasi ya maziwa, na hapa usizembee

Hapa ndipo safari nyingi zinaharibika. Ziwa Moraine, lile lililokuwa nyuma ya noti ya zamani ya dola 20 ya Kanada, halifikiki tena kwa gari binafsi. Tangu 2023 barabara yake imefungwa kwa magari ya watu mwaka mzima, isipokuwa yenye kibali cha walemavu. Hata mabasi huenda kuanzia Juni hadi katikati ya Oktoba tu. Ziwa Louise gari linafika, lakini maegesho ya ufukweni ni ya kulipia, ni ghali, na kiangazi hujaa alfajiri.

Fanya hivi:

a) Fungua akaunti kwenye mfumo wa kuweka nafasi wa Parks Canada siku chache kabla. Usisubiri siku yenyewe, utakuwa unathibitisha barua pepe wakati wenzako wanalipa.

b) Sehemu ya tiketi za msimu mzima za basi la Parks Canada la kwenda maziwani huachiwa Aprili. Siku hiyo mfumo hukuweka kwenye foleni ya bahati nasibu. Kukosa si kosa lako.

c) Tiketi nyingi zaidi huachiwa siku mbili kabla ya safari, saa 2 asubuhi kwa saa za Banff. Ukiwa Dar es Salaam au Nairobi kiangazi hicho, ni saa 11 jioni. Ukitaka kwenda Jumamosi, kaa mbele ya simu Alhamisi.

d) Chagua saa ya kuondoka. Basi huanzia kwenye maegesho makubwa ya kituo cha kuteleza theluji cha Lake Louise, kijiji kilicho karibu na Ziwa Louise, sio Banff mjini. Kati ya hapo na Banff kuna karibu kilomita 57. Kosa la kawaida ni mtu kulala Banff, kukata tiketi ya mapema, halafu kugundua asubuhi kwamba basi liko mwendo wa dakika arobaini na tano.

e) Tiketi hiyo hiyo inakuruhusu kupanda basi linalounganisha Ziwa Moraine na Ziwa Louise. Usinunue mbili.

Usiye na gari, panda Roam namba 8X kutoka Banff hadi Ziwa Louise. Nafasi zake nazo huwekwa mapema. Roam huuza pia pasi ya siku nzima iitwayo Super Pass, ambayo hukuunganisha na basi la Moraine.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza baki mjini

Umetoka safari ya ndege mbili au tatu, mwili bado uko saa za nyumbani. Usiende mbali.

Asubuhi panda Tunnel Mountain, kilima kilicho pembeni ya mji: zaidi kidogo ya kilomita 4 kwenda na kurudi, mwinuko wa wastani, na juu unaona mji wote na mto Bow. Usitafute handaki, wapimaji wa reli walilipanga na halikuchimbwa kamwe. Kisha shuka hadi maporomoko ya Bow, ambayo kwa urefu si kitu ila maji yake yana nguvu. Kaa upande wa njia.

Mchana nenda Cave and Basin, pango la chemchemi ya maji moto ambalo wafanyakazi wa reli walilifikia 1883 na likawa chanzo cha hifadhi yote. Wenyeji wa asili walilijua kabla yao. Humo ndani pananuka yai viza, ni salfa. Inama uangalie ukingo wa maji bila kugusa: vile vidoa vyeusi, vidogo kama mbegu ya limau, ni konokono wasiopatikana popote pengine duniani isipokuwa chemchemi za mlima huo. Losheni au jasho la kidole kimoja ni hatari kwao, ndiyo maana ni marufuku hata kuchovya mkono. Ukitaka kuoga maji moto, nenda Upper Hot Springs kwa basi namba 1. Maji huwekwa kati ya nyuzi 37 na 40.

Basi hilo hilo linafika kwenye gondola ya Sulphur Mountain, vibanda vinavyovutwa kwa waya hadi juu ya mlima. Dakika 8 na uko mita 2,281. Ni ghali na bei hubadilika kulingana na saa. Kwa wazazi wasioweza kupanda ninasema lipa bila kunung'unika. Kwa kijana mwenye magoti mazima kuna njia ya miguu ya kilomita 5.5.

Hatua ya 7: Jiandae kwa wanyama kabla hujaingia njiani

Dubu wapo, weusi na wale wakubwa wa nundu begani waitwao grizzly. Wengi hawakutafuti. Kinacholeta balaa ni kumshtua, kumkuta na watoto, au kumzoesha chakula.

Nunua spreyi ya dubu ukishafika. Ni pilipili kali kwenye kopo, na hairuhusiwi ndegeni, si begi la mkononi wala la chini. Dukani mwombe muuzaji akuonyeshe. Kidole gumba kinasukuma kile kipande cha plastiki cha usalama kuelekea nyuma kinatoka, kisha kinabonyeza. Fanya zoezi la kulichomoa kopo kwenye mkanda mara kadhaa ukiwa umesimama. Kopo likiwa ndani ya begi ni mzigo tu. Mahali pake ni kiunoni au kifuani. Na usijipake mwilini kama dawa ya mbu. Watu wameshafanya hivyo.

Njiani tembeeni pamoja, ongeeni, imbeni, pigeni makofi kwenye kona na karibu na mto unaovuma. Spika ya muziki siipendi, na sauti ya binadamu inafanya kazi hiyo vizuri. Baadhi ya njia, hasa za Larch Valley, huwekewa sharti la kwenda kikundi cha watu wanne au zaidi walio karibu karibu. Soma kibao mwanzoni mwa njia.

Ukimwona dubu: usikimbie, wala usimpigie kelele. Ongea kwa sauti ya chini, beba watoto, rudi nyuma polepole huku ukimwangalia, spreyi mkononi. Akija mbio na kufika mita 5 hivi, puliza mbele ya uso wake.

Kiasi cha kukaa mbali: mita 100 kwa dubu, mbwa mwitu, koyote na puma, mita 30 kwa kulungu na kondoo wa mlimani. Hao wa mita 30 ndio wanaowaumiza wageni, kwa kuwa wanaonekana wapole. Kulungu wakubwa aina ya wapiti, ambao vibao huwaita elk, huingia hadi kwenye nyasi za mjini. Mei na Juni majike wana watoto, Septemba na Oktoba madume wamechachamaa. Dume akiinamisha kichwa kukuelekea, picha imeisha, jifiche nyuma ya gari.

Kulisha mnyama yeyote, hata kindi, ni kosa, na faini inaweza kufika dola 25,000. Droni hairuhusiwi. Pembe zilizodondoka, mawe na maua haviokotwi.

Hatua ya 8: Vaa matabaka

Koti moja zito ni kosa la kila mgeni. Utatoka jasho ukipanda, jasho litapoa ukisimama, na hapo ndipo baridi inakushika. Vaa tatu. Ya ndani inayobana, ya sufu au ya kitambaa cha michezo kisicho cha pamba. Ya katikati sweta la flisi. Ya juu jaketi jembamba lisilopitisha upepo wala mvua. Jinzi na fulana za pamba ziache hotelini: pamba ikilowa haikauki, na inaunyonya mwili joto.

Kwa majira ya baridi ongeza kofia inayofunika masikio, glavu, soksi za sufu na viatu vyenye nafasi kidogo, maana vidole vilivyobanwa huganda haraka. Njia kama ya korongo la Johnston huwa barafu tupu. Kodisha vyuma vya kuvaa chini ya viatu. Makoti ya theluji yamejaa Gikomba na masoko mengine ya mitumba kwa bei ya kutupa, sababu nyumbani nani anayahitaji. Angalia zipu tu.

Hatua ya 9: Barabara ya kwenda Jasper, ukiwa na siku ya ziada

Kutoka Lake Louise hadi Jasper ni kilomita 232 za milima, maziwa na mito ya barafu. Simama Ziwa Bow na Ziwa Peyto hata kama huendi mbali zaidi. Jaza mafuta Lake Louise, kwa sababu njiani kituo ni kimoja na majira ya baridi hufungwa. Hakuna mtandao sehemu kubwa ya njia. Kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi sheria inataka matairi yanayofaa theluji, na kampuni za magari haziyaweki zote, uliza kabla hujasaini.

Ukiona magari yamejipanga pembeni, kuna dubu. Punguza mwendo, tazama, pita. Usishuke.

Mambo yakikwama

*Umekosa tiketi za Moraine.* Angalia tena usiku wa kuamkia safari, watu huzirudisha. Kampuni binafsi huwa na nafasi kwa bei kubwa. Baiskeli inaruhusiwa kwenye ile barabara, kama una mapafu. Vinginevyo nenda Ziwa Minnewanka au Two Jack, karibu na mji. Basi la Roam namba 6 linafika kiangazi.

*Moshi umefunika milima.* Agosti hutokea, misitu inaungua hata mbali. Acha kupanda, tafuta shughuli za ndani, na uangalie kiwango cha hewa kila asubuhi. Ukipata tangazo la kuhama kwenye simu, usibishane nalo: Julai 2024 moto uliteketeza takribani theluthi ya majengo ya mji wa Jasper, na maelfu ya watu walitoka salama kwa kuwa waliondoka walipoambiwa.

*Barabara ina theluji na una ndege leo.* Angalia 511 Alberta, huduma ya taarifa za barabara, kabla ya kuondoka na uongeze saa mbili. Afadhali kulala Calgary usiku wa mwisho, hasa kati ya Oktoba na Aprili.

*Gari la kukodi lina waya wenye plagi unaoning'inia mbele.* Si kwamba limeharibika, wala si gari la umeme. Ni wa kupasha injini moto kwenye baridi kali. Ikitabiriwa baridi ya nyuzi 20 hivi chini ya sifuri au kali zaidi, uchomeke usiku kama hoteli ina soketi nje, na ukumbuke kuuchomoa kabla ya kuondoa gari.

*Mtu ameumia au amepotea.* Piga 911. Pasipo na mtandao kaeni pamoja, mmoja asikimbilie msituni kutafuta msaada kwa njia ya mkato. Kabla ya kila safari ya miguu mwambie mtu wa hotelini njia unayopita na saa ya kurudi.

*Midomo inapasuka, pua inatoa damu.* Hewa ni kavu sana. Mafuta ya kujipaka mazito asubuhi na usiku, maji mengi, na taulo lililoloweshwa likae chumbani.

*Ndege ni kesho na spreyi ya dubu bado imejaa.* Usiitupe kwenye pipa na usiifiche kwenye begi. Uliza kituo cha wageni pa kuiacha, au mpe mgeni anayeingia chumba cha jirani, baada ya kusoma tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kopo.